Usingoje Jino Liume

Wanangu, wengi wenu kwa daktari wa meno huenda mmeshika shavu. Mkiwa pale kwenye benchi ndipo mnapoulizana: hivi mtu mzima asafishwe meno mara ngapi?

Kwanza mjue kinachosafishwa. Pitisha ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini. Ukikuta panakwaruza, huo ni ugaga: ukoga ulioachwa ukashika madini ya mate, ukaganda. Hupenda kuanzia hapo kwa sababu mate hutokea karibu. Ukoga laini huondoka kwa mswaki. Ugaga hauondoki kwa mswaki, chumvi wala mkaa, na msijikwangue kwa pini. Hiyo ni kazi ya tabibu na vyombo vyake.

Sasa, mara ngapi? Mmezoea kusikia kila miezi 6. Hiyo ni desturi, si sheria. Uingereza, tangu 2004, mwongozo wa afya unataka mtu mzima akaguliwe kati ya miezi 3 na 24, kwa kadiri ya hali ya kinywa chake. Na mwaka 2018 wachambuzi wa Cochrane, mtandao unaopima ushahidi wa tiba, walieleza kuwa kwa wasio na ugonjwa mkali wa fizi, kusafishwa kwa ratiba ya miezi 6 au 12 hakukubadilisha sana afya ya fizi katika miaka 2 hadi 3.

Lakini msikimbilie kufurahi. Hao waliochunguzwa ni watu waliozoea kukaguliwa. Wewe usiyewahi kumfunulia daktari kinywa, anza na mara moja kwa mwaka. Ambaye fizi zake zimeanza kuachia meno huenda akaitwa kila miezi 3 au 4. Mvuta sigara na mwenye kisukari wasijipangie wenyewe. Mjamzito naye aende, maana fizi zake huvimba upesi.

Ukitema povu lina damu, usiuweke mswaki kando ukidhani unaziumiza fizi. Mara nyingi zinavuja kwa ukoga uliozizunguka. Usione haya kulisema hilo. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mtasikia pia kwamba kusafisha kunalegeza meno. Jino linalocheza baada ya ugaga kutolewa lilikwisha kulegea zamani. Ugaga ulikuwa umelishikiza tu, huku mfupa ukiliwa chini yake. Na ninyi mliokulia kwenye maji yenye floridi nyingi, kama sehemu za Arusha, ile rangi ya kahawia imo ndani ya jino lenyewe. Kukwanguliwa hakutaiondoa, basi msitoe pesa kwa tumaini hilo.

Pigeni mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwani hakuna tabibu atakayewafanyia kazi hiyo ya kila siku. Na kabla hamjainuka kwenye kile kiti, muulizeni: "Daktari, kwa kinywa changu hiki, nirudi lini?" Tarehe atakayowapa, ishikeni, hata kama siku hiyo hapaumi popote.