Je, Aliyerudi Ufukweni ni Mwoga?

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwetu Minago methali hii haihitaji mwalimu wa kuifafanua, maana familia nyingi za wavuvi zina kilio chao. Lakini siku moja ya Aprili 2024 nilikisikia kicheko chenyewe, nacho hakikuwa cha furaha. Tulikuwa tunachekwa.

Mwaka ule mafuta ya gari yaliadimika Burundi nzima, na magari yalilala foleni kwenye vituo. Mama alikuwa na magunia manne ya ndagala wakavu wa kupeleka soko la Rumonge. Katika fedha hiyo mlikuwa na nauli yangu na ada ya kurudia chuo. Baba Mdogo akasema tutapita ziwani. Injini ya boti ilikuwepo, ila petroli ilikuwa lita mbili tu ndani ya kidumu, akaziweka kwa ajili ya dharura. Tukasimamisha mlingoti, tukafunga turubai, tukangoja upepo wa kaskazini. Tulikuwa watu sita, na wa saba mtoto mchanga, mgongoni mwa mama mmoja aliyetuomba nafasi palepale ufukweni.

Kusafiri bila injini kuna unyenyekevu asioujua mwenye injini. Niliwahi kusoma juu ya watu wa Ulaya wanaorusha ndege zisizo na injini. Huvutwa hadi juu, kamba ikaachiwa, kisha wakatafuta hewa ya moto inayopanda kutoka mashambani. Huzunguka ndani yake, kama mwewe wetu wanavyozunguka juu ya michikichi, wakapanda, halafu wakateleza mbele mpaka wapate hewa nyingine. Kwa njia hiyo huweza kwenda mamia ya kilomita. Majira yao ya kuchipua, jua likiwa limepata nguvu na hewa ya juu ingali baridi, ndiyo yanayowapandisha sana, na ndiyo pia yanayowatikisa sana. Lililonishangaza ni kwamba rubani huchagua shamba la kutua angali juu, kabla hajalihitaji. Akingoja mpaka awe chini, hana tena la kuchagua. Na akitua shambani mwa watu haitwi mwoga; wenzake huja na gari lenye tela, wakamchukua yeye na ndege yake.

Sisi tulikwenda vizuri kiasi cha saa moja na nusu, kisha upepo ukakata. Turubai likaning'inia kama nguo iliyoanikwa. Upande wa Kongo wingu lilikuwa limeshuka hadi milima haionekani. Upepo uliporudi ulitoka kusini magharibi, tena kwa vishindo: unapiga, unanyamaza, unapiga tena kutoka pembe nyingine. Maji yakaanza kuingia. Baba Mdogo akatazama wingu, akatazama mchanga tuliokwisha kuupita, akatazama mbele ambako kilima kinashuka hadi majini na hakuna pa kuvutia boti.

"Tunarudi," akasema.

"Baba Mdogo, bado kidogo tu. Twende."

"Mwanangu, hiyo bado kidogo yako mimi siioni."

Akawasha injini kwa zile lita mbili. Tulipokuwa tunageuza, boti ya jirani yetu ikatupita, wanaume wanne wakivuta makasia. Mmoja akapaza sauti kutuuliza kama tunaogopa mvua, na wote wakacheka.

Wale walifika. Ningependa kusimulia vinginevyo, kwa sababu hadithi za namna hii huwa na mwisho unaompa haki mwenye tahadhari. Walifika wameloa, wakauza ndagala wao kwa bei nzuri. Sisi tulipofika kesho yake wanunuzi walikuwa wamekwisha kujaza magunia yao, na bei imeanguka. Mama alipata nauli yangu, ada hakuipata. Nilirudi chuoni nimechelewa wiki mbili.

Nyumbani watu walisema Baba Mdogo amezeeka. Kama wale wanne wangezama, watu haohao wangesema ana hekima. Naye angekuwa ametenda jambo lilelile, dakika ileile, akiwa anajua yaleyale. Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika juu ya fumbo hili, wakaliita bahati ya kimaadili. Nagel anatoa mfano wa dereva mzembe: mtoto akikatiza barabara, dereva ni muuaji, mtoto asipokatiza, ni mzembe tu kama wazembe wengine, ingawa uzembe haukupungua wala kuongezeka. Mimi nasema uamuzi upimwe kwa yale mtu aliyoyaona alipouamua. Ni rahisi kuandika hivyo darasani. Ni vigumu kumwambia mama aliyehesabu fedha mara tatu akitafuta ada isiyomo.

Tena sitaki kuwaonea wale wanne. Wingu lilikuwa moja, boti hazikuwa moja. Wao walikuwa na makasia manne na mikono ya kuyavuta, wala hawakuwa na mtoto mchanga. Huenda wao walikuwa na haki ya kwenda nasi tulikuwa na haki ya kurudi, na kosa pekee la siku ile ni kile kicheko. Kicheko, na neno langu "twende".

Hilo neno ndilo linaloniuma kuliko ada. Niliposema twende nilikuwa nahesabu fedha zangu, na nilikuwa nimeketi nyuma ya yule mama, mtoto wake akinitazama juu ya kitenge. Ningethubutu na maisha yangu, sawa, yangu ni yangu. Lakini nilikuwa nathubutu na ya mtoto, nikiuita ujasiri. Na hata Baba Mdogo, ambaye ninamtetea hapa, hakumwuliza yule mama lolote. Aliamua vizuri, lakini aliamua peke yake.

Asubuhi yake ziwa lilitulia kama mawese ndani ya sinia. Tulimngoja yule mama ufukweni mpaka jua likapanda. Mvulana mmoja akatuambia alikwisha kuondoka alfajiri, kwa miguu, kwa njia ya barabara.