Namba Iliyoandikwa Mlangoni ni ya Nani?



Mwezi uliopita alinijia kijana mmoja niliyemfundisha zamani. Baada ya shikamoo akasema, "Mwalimu, nimepata kazi ya kukusanya namba za simu za wafanyabiashara wa Nachingwea na Ruangwa: maduka ya pembejeo, nyumba za wageni, mafundi wa kuchomelea, mama lishe, wote. Nitalipwa kwa kila namba. Ziko programu za kompyuta zinazozichuma kutoka kwenye intaneti kwa usiku mmoja. Nisaidie kuchagua iliyo nzuri."

Mimi wa kuchagua programu! Nadhani alichotaka hasa ni kuambiwa kwamba si vibaya. Maana aliongeza upesi, "Namba hizo wenyewe wamezitangaza. Nitakuwa nimeiba nini?"

Swali hilo si la kitoto. Zamani tulikuwa na kitabu cha simu cha Posta na Simu, na sikumbuki mtu aliyelalamika kuandikwa humo. Lakini simu ya siku zile ilikuwa ya kuongea tu. Leo namba ya mama lishe ndiyo benki yake. Ukianza kumtumia fedha, jina lake lililosajiliwa hujitokeza. Wale wezi wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" wakiijua na biashara yake, hawahitaji mengi zaidi.

Mtu akiweka mtungi wa maji barazani kwa ajili ya wapita njia, anayekunywa hakuiba. Lakini akija mwingine na mkokoteni na mapipa, akayachota yote akauze, je, tuseme naye amekaribishwa? Aliyeandika namba mlangoni alimwandikia mteja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo yataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi lililo wazi na halali, wala zisitumiwe kinyume chake. Nilimwuliza kijana orodha ataichukua nani. Hakujua.

Hata hivyo sikumkataza. Fundi wa Ruangwa anataka kujulikana, na orodha njema ingemletea kazi. Tena programu hiyo isingemwona muuza mihogo wa gulioni ambaye hana hata picha mtandaoni. Ingewaokota wale wale wanaoonekana tayari. Nikamwambia achukue daftari, apite mlango kwa mlango, aeleze kusudi, aombe. Akasema, "Mwalimu, hiyo ni kazi ya miezi." Ni kweli.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Miaka michache iliyopita, nikiwa mwandishi wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, mgeni mwenye adabu aliniomba namba za wanachama ili awaeleze habari za bima. Nikampa daftari, akalipiga picha. Sikumwuliza mtu. Baadaye mama mmoja mjane wa kikundi hicho alipata ujumbe wa ulaghai, akatuma fedha zake za korosho. Huenda namba yake ilitoka kwingine kabisa; siwezi kujua. Lakini tulipokaa kumpa pole nami nilikuwapo, nikamlaumu mwizi pamoja na wenzangu, na habari ya daftari sikuitaja.

Kijana amekwishaanza na daftari lake huko Ruangwa. Mimi Jumamosi hii nitakwenda kwa yule mama.