Kumwasili Mtu Mzima: Hiari ya Wawili na Haki ya Ukoo

Kumwasili mtu mzima ni tendo la kisheria linalowafanya watu wawili waliokwisha kukomaa kuwa mzazi na mwana. Mtoto mchanga huasiliwa kwa sababu anahitaji kulishwa, kusomeshwa na kulindwa, na mahakama hutazama kwanza maslahi yake. Mtu wa miaka 40 hahitaji kulelewa na yeyote. Malezi yakiondolewa, uzazi unabaki na nini? Unabaki na nafasi: mahali pa mtu katika ukoo, pamoja na jina, urithi na wajibu unaoandamana na mahali hapo. Na nafasi ya ukoo kamwe haiwahusu wawili peke yao. Mwana mpya akiingia, wale waliozaliwa nyumbani hupungukiwa mafungu yao, na bibi hupata mjukuu ambaye hakumjua jana. Swali zito la kumwasili mtu mzima ni hilo: hiari ya watu wawili inaweza kuwafunga wangapi wengine?

Warumi wa kale waliliona swali hili mapema. Mtu aliyekuwa mkuu wa nyumba yake mwenyewe hakuweza kuasiliwa kimyakimya, kwa kuwa nyumba yake ilifutika pamoja na ibada za wazee wake. Makuhani walichunguza, kisha mkutano wa raia ukapitisha. Mwaka 59 KK Publius Clodius, mtu wa tabaka la juu, aliasiliwa na mtu wa tabaka la kawaida ili apate kugombea cheo cha tribuni, ambacho watu wa tabaka lake hawakuruhusiwa kukishika. Baba huyo alikuwa mdogo kwa umri kuliko mwanawe, na Clodius wala hakulichukua jina lake. Cicero, hasimu wake, alisimama mbele ya makuhani mwaka 57 KK akadai kwamba tendo lote lilikuwa batili. Hoja yake ilikuwa na uzito hata kama chuki ilimsukuma: taratibu zilifuatwa kwa sura tu, na hakuna aliyekusudia kuwa baba wala mwana. Karne sita baadaye sheria za Justinian zilitaka mwenye kuasili amzidi anayeasiliwa kwa miaka 18, kwa maelezo kwamba kuasili kunaiga maumbile.

Japani ndiko desturi hii ilikokita mizizi zaidi leo, na huko wengi wa wanaoasiliwa ni watu wazima. Utaratibu ni mwepesi. Wahusika hujaza fomu, mashahidi wawili watu wazima hutia sahihi, na fomu hupelekwa ofisi ya manispaa ili daftari la familia lirekebishwe. Mahakama haihitajiki. Mwenye kuasili awe ametimiza miaka 20, na haruhusiwi kumwasili aliyemzidi umri, hata kwa siku moja. Aliyeasiliwa habanduki kwa wazazi waliomzaa, hivyo anaweza kurithi pande zote mbili. Osamu Matsuda, aliyekuwa mfanyakazi wa benki, alimwoa mjukuu wa Michio Suzuki mwaka 1958, akaingizwa katika familia na kuchukua jina la Suzuki, kisha akaiongoza kampuni yao ya magari kwa miongo kadhaa. Baba mkwe wake naye alikuwa ameingia kwa mlango huohuo. Ukoo haukushtuka, kwa sababu nyumba yenyewe ilimtaka mrithi wa kuiendeleza. Aliyeona haja ya kuweka mpaka ni serikali: katika hesabu ya msamaha wa kodi ya mirathi, mwenye mtoto wa kuzaa huhesabiwa mwana mmoja tu wa kuasili, na asiye naye huhesabiwa wawili.

Ujerumani imelijibu swali hili kwa ukali wa kimantiki. Mahakama huridhia ikiwa jambo lina uhalali wa kimaadili, hasa pale ambapo uhusiano wa mzazi na mwana umekwisha kuota wenyewe, na hukataa ikiwa maslahi ya watoto wa mwenye kuasili yana uzito zaidi. Na hata ikiridhia, kwa kawaida aliyeasiliwa huwa mwana wa aliyemwasili lakini hawi ndugu wa jamaa zake. Ana baba, ila hana babu upande huo. Ni ajabu kidogo, lakini ni uaminifu: wawili wamejifunga, wala hawakumfunga asiyeulizwa. Mtu anaweza kupinga kwamba hata mtoto anapozaliwa bibi haombwi ruhusa. Ni kweli. Tofauti ni kwamba mtoto mchanga hazaliwi akiwa na mpango dhidi ya yeyote, ilhali hati ya kuasili inaweza kuandikwa makusudi ili kumnyang’anya mtu haki yake. Ndiyo maana sheria haiwezi kukwepa kuchunguza nia.

Mashauri ya Marekani yanaonyesha ugumu wa uchunguzi huo. Tajiri Doris Duke alimwasili Chandi Heffner mwaka 1988, mwanamke wa miaka 30 na kitu. Baadaye waligombana, na katika wosia wake Duke alimkana. Alipokufa mwaka 1993, Heffner alidai mafungu yaliyowekwa na baba yake Duke kwa ajili ya wazao wake, na kesi ikaisha kwa kulipwa makumi ya mamilioni ya dola. Majuto ya mzazi hayakutosha kuufuta uzazi, na ni haki iwe hivyo. Lakini baba wa Duke, aliyefariki mwaka 1925, hakuwahi kumfikiria mzao huyo. Bayard Rustin, mmoja wa waandaaji wa maandamano ya Washington ya 1963, alimwasili mwenzi wake wa maisha, mwanamume mwenzake, mwaka 1982, kwa kuwa sheria haikuwaruhusu kuoana. Miaka miwili baadaye mahakama ya juu ya New York ilikataa ombi la aina hiyo, ikisema kuasili si mbadala wa ndoa.

Uislamu uliufunga mlango mahali pengine. Zaid bin Haritha, alipopewa hiari ya kurudi kwa baba yake, alichagua kubaki na Mtume Muhammad (s.a.w.), naye akatangazwa hadharani kuwa mwana. Suratul Ahzab ikaja kuamuru watu waitwe kwa baba zao, na Zaid akarudishiwa nasaba yake, ingawa mapenzi yalibaki. Anayetaka kumfaidisha asiye mrithi ana theluthi ya mali ya kuusia. Salio lina wenyewe.

Kenya na Tanzania hazina njia ya kumwasili mtu mzima. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 na Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 huishia kwa aliye chini ya miaka 18. Aliyekwisha kuvuka umri huo ana wosia, hati ya kubadili jina na hati ya uwakilishi. Hata hivyo Sheria ya Mirathi ya Kenya humruhusu mtu ambaye marehemu alimchukua kama mtoto wake, na akawa anamtunza hadi kufa kwake, aombe fungu mahakamani. Hapo jaji hapokei hati ya uzazi iliyotungwa na wawili. Anapokea ushahidi wa majirani na jamaa juu ya jinsi walivyoishi.