Wanne Bila Mwalimu wa Kwaya

Katika kwaya ya watu arobaini mtu anaweza kufumbua kinywa asitoe sauti, na Misa ikaisha salama. (Mnajijua, sitaji sauti ya nani.)

Katika kwarteti ya nyuzi mwanya huo haupo. Wapigaji ni wanne tu: fidla mbili, viola na chelo. Hakuna anayesimama mbele kuwaongoza, wala hakuna wawili waliopewa sauti moja wategeane. Tena kwa kawaida karatasi iliyo mbele ya kila mmoja ina sauti yake peke yake. Za wenzake hazimo. Wamefika wapi, atajua kwa kuwasikiliza na kuwatazama huku mkono wake ukiendelea kupiga.

Kwarteti mojawapo ya namna hiyo, Kronos, ilianzishwa na mpiga fidla David Harrington mjini Seattle, Marekani, mwaka 1973, baada ya kusikia redioni Black Angels, kazi ambayo George Crumb aliitunga vita vya Vietnam vikiendelea. Tangu hapo wamewaomba watunzi wa leo wawaandikie kazi mpya, na sasa zimepita 1,000. Katika albamu yao ya 1992, Pieces of Africa, yumo jirani yetu Justinian Tamusuza wa Uganda. Kwarteti yake, iliyojengwa juu ya muziki wa Kiganda, aliiita Mu Kkubo Ery'Omusaalaba: katika Njia ya Msalaba.

Jina hilo limenikaa moyoni Kwaresima hii. Sisi Njia ya Msalaba tunaisali kama umati: vituo 14, tunapiga magoti, tunasimama, tunaitikia. Lakini waliosogea karibu na Bwana wanahesabika. Mama yake. Veronika. Simoni wa Kirene, aliyekuwa anatoka shamba akakamatwa na kubebeshwa msalaba bila hata kuulizwa. Umati ulikuwepo, mkubwa tu, na haukubeba kitu. Nadhani ndiyo sababu jumuiya ndogondogo za Kikristo zinatutisha kuliko Misa ya pili ya Jumapili: pale asiyekuja anaonekana, na aliyekuja akakaa kimya ataulizwa ana nini.

Ijumaa hii Njia ya Msalaba haitasaliwa kanisani. Kila jumuiya itaisali nyumbani kwa mwanajumuiya mgonjwa au mfiwa, na vituo watagawana waliopo. Mwenyekiti wa jumuiya yako anajua ni nyumba ipi. Muulize leo kabla hujaondoka.