Subira ya Maskini: Tafakari ya Jumapili ya 25 ya Mwaka A

Injili: Mathayo 20:1-16



Injili ya Jumapili hii inatupitisha sokoni kabla ya kutufikisha shambani. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta vibarua. Anatoka tena saa tatu, saa sita na saa tisa. Saa kumi na moja jioni anakuta wengine wangali wamesimama, anawauliza kwa nini wameshinda pale bure. Wanamjibu kwamba hakuna aliyewapa kazi. Hawakuwa wavivu. Walisubiri kutwa, na subira yao haikuwaletea hata senti mpaka alipotokea mtu wa kuwafungulia shamba.

Sisi wahubiri tunapenda kuwaambia watu kwamba mvumilivu hula mbivu. Ni kweli. Lakini yule anayesubiri na watoto nyumbani, atakula nini kabla mbivu haijaiva?

Swali hili wamewahi kulijibu wakulima wa mizabibu wa kaskazini-magharibi mwa Italia. Katika mkoa wa Piemonte, kwenye vilima vya Langhe karibu na mji wa Alba, hulimwa zabibu iitwayo Nebbiolo. Ndiyo inayotoa Barolo na Barbaresco, divai nyekundu mbili zenye sifa kubwa duniani, kila moja ikiitwa kwa jina la kijiji. Nebbiolo humtia mkulima wake majaribuni. Huchipua mapema, baridi ikaweza kuunguza machipukizi. Kisha huchelewa kuiva, mara nyingi hadi Oktoba, ukungu ukiwa umekwisha kutanda bondeni. Hata ikishakamuliwa haina haraka. Divai yake ikiwa changa ni kali, na ukakasi wake hukausha ulimi. Dawa yake ni muda. Leo sheria ya Italia inataka Barbaresco itunzwe miezi 26 tangu Novemba ya mwaka wa mavuno kabla ya kuuzwa, na Barolo miezi 38, 18 kati ya hiyo ikiwa ndani ya mapipa ya mbao.

Sasa mtazame mkulima mwenye kishamba cha mteremkoni. Hana pipa, hana ghala, na madeni yake hayangoji miezi 26. Basi huuza zabibu mbichi, siku ileile ya kuchuma, kwa bei anayoitaka mnunuzi, maana zabibu iliyokwisha kukatwa hailali. Mwenye ghala ndiye anayeweza kusubiri, kwa hiyo faida ya kusubiri ni yake.

Mwaka 1894 Domizio Cavazza, mkuu wa chuo cha utengenezaji divai cha Alba, aliwaunganisha wenye mashamba tisa wa Barbaresco wakawa na ghala lao la pamoja. Ushirika huo ulifungwa miaka ya 1920, wakati wa utawala wa Kifashisti. Baada ya vita kuu ya pili, vijana wa Langhe walishuka vilimani kwenda kutafuta kazi viwandani, Torino. Ndipo mwaka 1958 Padre Fiorino Marengo, paroko wa Barbaresco, alipowakusanya wakulima wadogo 19 wakaanzisha chama cha ushirika, Produttori del Barbaresco. Hawakuwa na jengo. Divai ya mavuno matatu ya kwanza waliitengenezea katika chumba cha chini ya kanisa, kisha wakajenga ghala lao ng'ambo ya uwanja wa kijiji. Chama hicho kiko hai mpaka leo, kina wanachama zaidi ya 50 na mizabibu zaidi ya hekta 100. Katika miaka ya mavuno mazuri, divai ya mashamba tisa mashuhuri hutiwa chupa peke yake, na majina ya wenye mashamba huandikwa kwenye lebo. Mwaka usipokuwa mzuri, zote huchanganywa kuwa Barbaresco moja.

Huenda ukauliza kama ni halali padre kusifu divai. Ulevi unavunja nyumba nyingi, na Kanisa halitaacha kuukemea. Ninachosifu hapa ni haki. Paroko yule hakugawa sadaka. Alifungua mlango, na maskini wakapata mahali pa kusubiria bila kufa njaa. Mwenye shamba wa Injili alifanya hivyohivyo. Aliwapa watu kazi, na jioni akawapa dinari nzima, kwa sababu wa saa kumi na moja naye ana familia ya kulisha. Manung'uniko ya walioanza alfajiri tunayafahamu: katika kila ushirika yupo mwenye shamba zuri anayeona kwamba anawabeba wenzake. Bwana anamkumbusha kuwa hakudhulumiwa chochote.

Nasi tunao wa saa kumi na moja. Yupo mkulima wa kahawa wa Kagera anayeuza butura, kahawa ingali mtini, kwa kuwa mtoto ni mgonjwa. Yupo mama anayeuza mahindi yote wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kisha anayanunua tena kwa bei ya juu njaa ikiingia. Hao hawahitaji hotuba nyingine juu ya uvumilivu. Wanahitaji ghala, mizani ya haki, mhasibu mwaminifu na mkopo mdogo wa kuvukia miezi mibaya.

Wiki hii, mnapokutana katika jumuiya ndogondogo, ulizaneni ni nani kati yenu anayeuza mapema kwa kukosa pa kusubiria. Kisha tazameni parokia ina chumba gani kilichofungwa, na nani anajua kutunza hesabu. Fungueni chumba hicho kwanza. Neno la uvumilivu lije baadaye.