Asilia ni Nini pale Kalambo?

Ukitoka Sumbawanga kupitia Matai hadi mpakani na Zambia, unafika mahali Mto Kalambo unapoishiwa ardhi. Maji yanadondoka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200, karibu mara mbili ya Maporomoko ya Victoria, kisha yanashika njia ya Ziwa Tanganyika. Upande wetu, msitu unaoyazunguka ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Huko hukati mti wala huchomi mkaa.

Neno linalonisumbua ni hilo "asilia". Wengi tunalisoma kama mahali ambapo mkono wa mtu haujafika. Je, ni kweli?

Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool walichimba kando ya mto huohuo, upande wa Zambia, juu ya maporomoko. Wakakuta magogo mawili yamepandana, la juu limechongwa pengo ili likae vizuri juu ya la chini. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2023, umri ulitajwa: takriban miaka 476,000. Yaani kabla binadamu wa aina yetu hajawepo, pale Kalambo kuna aliyekwisha kukata mti akaupa kazi.

Na baadaye sana, hapa hapa Ufipa, wahunzi wa Kifipa walijenga tanuru ndefu za udongo kuyeyusha chuma. Chuma kilitaka mkaa, na mkaa ulitaka miti. Mti ukageuka jembe, jembe likalisha watu.

Basi mtu aniambie: kama mkono umekuwepo muda wote huo, hifadhi inalinda nini?

Kuna jibu la haraka: tufungue, kila mtu akate, si asili yetu? Hapana. Shoka la jiwe na msumeno wa mashine si ndugu. Aliyechonga gogo lile hakuwa na uwezo wa kuumaliza msitu. Sisi tunao, na soko la mkaa halishibi. Anayeweza kumaliza ndiye anayepaswa kujizuia. Kwangu mimi, huo ndio msingi wa hifadhi, wala si usafi wa msitu.

Utasema sababu haina maana, mradi miti imesimama. Ina maana, tena kubwa. Ukiamini msitu ni asilia kwa kuwa hauna watu, basi mama wa kijiji jirani mwenye mzigo wa kuni kichwani ni doa, wa kufukuzwa tu. Ukiamini msitu umeguswa na bado ukabaki, mama yuleyule ni mrithi: unamkataza, ndiyo, lakini unakaa naye chini, unamwambia kwa nini, na unamuuliza leo jioni atapikia nini.

Swali hilo la mwisho ndilo gumu, na hatuwezi kumwachia yeye peke yake alijibu.