Ukuta Mwembamba wa Mirija

Kazi yangu hapa Kurasini, Temeke, ni kutengeneza vipozeo vya oili vya injini za meli. Ndani ya ganda la chuma mna kifungu cha mirija. Maji ya bahari hupita ndani ya mirija, oili ya moto huizunguka kwa nje. Havigusani, lakini joto linahama. Na vikipishana joto huhama zaidi kuliko vikifuatana.

Ukuta wa mirija hunikumbusha Qur'ani: Surat Ar-Rahman inataja bahari mbili zinazokutana, kati yake kizuizi. Majirani huniuliza: Mwislamu na Mkristo wakiishi ukuta kwa ukuta, imani haitapotea? Nawajibu kwa kazi yangu. Ukuta mnene hupunguza joto linalopita. Ukuta uliotoboka unaweza kuingiza maji ya chumvi kwenye oili, injini ikaharibika. Kinachotakiwa ni ukuta mwembamba, lakini mzima.

Tena mirija hutanuka kwa joto. Ikibanwa pande zote mbili inaweza kulegea au kupasuka, ndiyo maana wasanifu wengine huikunja umbo la U, wengine huacha kichwa kimoja kielee. Dini nayo imwachie mtu nafasi ya kukua. Ndugu zangu, tuzilinde imani zetu zikiwa nzima, na tusinyimane joto.